Maktaba ya Shule Bila Intaneti: Namna ya Kuijenga na Kuifundishia

Shule yetu ni ya kata, hapa Tanzania. Intaneti ipo, lakini inapatikana ukisimama chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko, mkono mmoja ukiwa juu. Vishikwambi pia vipo: vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye wakapewa walimu, na vingine vichache ambavyo shule ilinunua. Kwa muda mrefu vilikuwa vya kusomea magazeti na kupigia picha za mahafali.

Hapa naeleza jinsi tulivyoweka maktaba ya kidijitali ndani ya shule, inayotembea kwa Wi-Fi yetu wenyewe bila kifurushi chochote. Upande wa ufundi ulituchukua wikendi mbili. Kuifanya ifundishe kulituchukua muhula mzima.

Mpango wenyewe ni mwepesi kuelewa. Kompyuta moja, ambayo tutaiita seva, inahifadhi vitabu, video, mazoezi na majaribio ya sayansi ya kwenye skrini. Ruta inasambaza Wi-Fi isiyo na laini ya simu ndani yake. Mwanafunzi anawasha kishikwambi, anajiunga na Wi-Fi hiyo, anafungua kivinjari na kuandika anwani ya seva. Programu inayoendesha yote ni Kolibri, ya shirika lisilo la faida la Marekani liitwalo Learning Equality. Ilitanguliwa na KA Lite ya mwaka 2012, iliyotengenezwa ili masomo ya Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, yafike pasipo na mtandao. Ni ya bure, na sura yake unaweza kuigeuza ikawa ya Kiswahili. Pembeni yake tuliweka Kiwix, ambayo nayo ni ya bure, kwa ajili ya kusoma Wikipedia bila intaneti.

Hatua ya 1: Orodha ya mada, kabla ya orodha ya vifaa

Usianze dukani. Pitisha daftari kwenye chumba cha walimu, kila mwalimu aandike mada tatu ambazo wanafunzi hukwama kila mwaka, na kwa nini. Azimio la kazi analo, kwa hiyo hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Majibu yatakushangaza. Mwalimu wa Biolojia aliandika mgawanyiko wa seli, kwa sababu hadubini ni moja na kioo chake kina ukungu. Mimi wa Fizikia niliandika umeme. Mwalimu wa Kiswahili alisema hana shida ya video, anataka hadithi fupi nyingi za kusoma, basi. Mwalimu wa Jiografia aliandika udongo, tukamfutia kwa utani: udongo upo nje, wapeleke na jembe.

Utani ule ukawa kanuni yetu. Kama kitu chenyewe kinapatikana mtaani, shambani au maabara, skrini haihitajiki. Tulibaki na mada 19, na hizo ndizo zilizoamua tupakie nini na tununue nini.

Hatua ya 2: Vifaa

Kwa seva una njia mbili. Wengi hukimbilia Raspberry Pi 4, ile kompyuta ya Uingereza yenye ukubwa wa kadi ya benki iliyotoka mwaka 2019. Inakula umeme kidogo sana na inafaa kweli. Ila ina kasoro ambayo wauzaji hawakwambii: haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na intaneti haipo, haijui ni saa ngapi wala tarehe ngapi. Ripoti za Kolibri zitaonyesha mwanafunzi amefanya zoezi wiki moja kabla hujalitoa. Dawa ni kuongeza kijisaa cha DS3231, au kununua Raspberry Pi 5, ambayo saa imo ndani lakini betri yake unainunua kando.

Sisi tulichukua njia ya pili, kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 4, tukaibadilishia diski na kuiwekea SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 256. Saa inayo, skrini inayo, na betri yake hata ikiwa imechoka inatosha kuivusha kwenye katikakatika ya umeme. Jambo moja tu la kukumbuka: ingia kwenye mipangilio ya umeme uiambie isilale hata ikifunikwa. Siku ya kwanza sisi tulisahau. Mtu akafunika kompyuta kwa nia njema ya kuzuia vumbi, na darasa zima likakwama.

Ruta yoyote ya kawaida ya Wi-Fi inafaa, mradi ina mawimbi ya 2.4GHz, kwa sababu hayo hupenya ukuta wa tofali vizuri kuliko ya 5GHz. Ongeza waya wa mtandao wa mita chache, chaja moja yenye matundu mengi ya USB, na ekstensheni nzito, siyo zile nyembamba zinazoyeyuka.

Na memori kadi au flashi zipimeni kabla hamjaondoka mjini. Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 128, nikajaza video usiku kucha. Nilipofika shuleni, kila faili baada ya la ishirini lilikuwa takataka. Kadi ilikuwa ndogo, imepachikwa lebo kubwa. Programu ya H2testw kwenye Windows ingenionyesha hilo mapema: inajaza kadi data kisha inaisoma upya kuona kama iliyoingia ndiyo inayotoka.

Hatua ya 3: Hesabu ya umeme

Hesabu hii fanya kwenye karatasi pamoja na fundi, usikisie. Yetu ilikuwa hivi. Kompyuta mpakato ni wati 30, ruta ni wati 9, jumla 39. Kwa saa 6 za vipindi hizo ni 234Wh (Wh ni wati mara saa). Kuchaji vishikwambi 9, kila kimoja takribani 20Wh, ni 180Wh nyingine. Jumla ni 414Wh kwa siku. Betri ya sola ya volti 12 (12V) na ampea-saa 100 (100Ah) ina 1,200Wh, yaani 12 mara 100, lakini betri za asidi usizishushe chini ya nusu ukitaka zidumu, kwa hiyo una 600Wh za kutumia. Ukitoa zinazopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inatosha, ila bila anasa.

Projekta ndiyo inayoharibu hesabu. Moja ya kawaida hula wati 200 na zaidi, na saa mbili tu zinamaliza bajeti yote. Sisi projekta tunaiwasha siku umeme wa TANESCO upo. Ukikatika, tunarudi kwenye vishikwambi.

Hatua ya 4: Kupakia maudhui

Hii fanyia mjini, kwenye intaneti ya mtu mkarimu. Weka Kolibri kwenye kompyuta yoyote, nenda sehemu ya kusimamia maudhui, uchague chaneli, yaani mkusanyiko wa masomo. Usichukue chaneli nzima ya Khan Academy, ni makumi ya GB na nyingi hutazitumia. Ifungue, weka alama kwenye mada zilizo kwenye daftari lako tu. Kisha hamishia kila kitu kwenye diski ya nje. Ukirudi shuleni unachomeka diski kwenye seva na kuiambia ichukue kutoka humo.

Tulichochukua sisi ni hesabu na sayansi za Khan Academy, hadithi za African Storybook (zimo za Kiswahili nyingi, na mwalimu wetu wa Kiswahili aliridhika), na uigaji wa PhET. Wa mwisho ndio nisingekubali kuukosa. PhET ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001, na unaendeshwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni majaribio ya sayansi na hesabu ambayo mwanafunzi anayachezea kwa kidole, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Faili za Kiwix nyingine huzidi GB 4. Diski ikiwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32 itazikataa, hata kama ina nafasi tele. Iandae upya kwa exFAT. Na kama Kiwix na Kolibri zinakaa kompyuta moja, hakikisha hazigombanii namba moja ya mlango (port), ile inayoandikwa mwisho wa anwani: Kolibri kwa kawaida inasikiliza namba 8080, basi Kiwix tukaipa 8081.

Notisi zenu wenyewe nazo zina nafasi. Kwenye tovuti ya Kolibri Studio mnafungua akaunti, mnapakia, mnachapisha, na mnapewa msimbo mfupi wa kuvutia chaneli yenu. Inapokea PDF, video, sauti na vitabu vya kielektroniki vya EPUB. Word haipokei, kwa hiyo geuzeni kwanza ziwe PDF. Na msipakie vitabu vya watu mlivyopiga picha. Chapeni kazi zenu.

Hatua ya 5: Kuwasha mtandao

Kwenye ruta, ipe seva anwani ya kudumu, la sivyo kila asubuhi itapata nyingine na karatasi uliyobandika ukutani itakuwa ya uongo. Yetu ni 192.168.0.50, na wanafunzi huandika http://192.168.0.50:8080. Kama vifaa vinaiona Wi-Fi lakini havioni seva, tafuta kwenye mipangilio ya ruta kile kipengele kinachozuia vifaa visionane, ukizime.

Android italalamika kwamba Wi-Fi hii haina intaneti. Kiambie kifaa kibaki nayo, na kisikukumbushe tena. Kifaa chenye laini ya simu ni msumbufu zaidi: kitahamia kimyakimya kwenye data ya simu, na mwanafunzi atakwambia maktaba imekufa. Zima data.

Sasa suala la wizi. Mkuu wa shule alitaka kila kitu kifungiwe kwenye kabati la chuma la ofisi ya taaluma. Tukafunga, tukageuza ufunguo, Wi-Fi ikatoweka. Chuma huzuia mawimbi, na mimi mwalimu wa Fizikia ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla ya kila mtu. Suluhisho letu ni seva ndani ya kabati, ruta juu ya ukuta karibu na dari, na waya wa mtandao unaopita kwenye tundu. Ukipata mwizi wa ruta, umepoteza kidogo. Waya upitishe ndani ya bomba la plastiki, panya wanaupenda.

Hatua ya 6: Akaunti za wanafunzi

Kolibri inakubali kuingiza majina kwa mkupuo kutoka faili la CSV (jedwali la kawaida unaloweza kulihifadhi kutoka Excel), na inaweza kuruhusu wanafunzi waingie bila nywila. Ruhusu. Nywila 400 zinazosahauliwa kila Jumatatu zitakula vipindi vyako. Walimu na wasimamizi wao wawe na nywila.

Weka jina na mkondo tu. Namba za wazazi, picha na tarehe za kuzaliwa havina kazi humo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, taarifa usiyoihitaji ni mzigo tu.

Hatua ya 7: Kipindi chenyewe

Kila nilichoandika hadi hapa fundi mzuri wa mjini angekufanyia kwa siku tatu. Kinachofuata hawezi.

Mara ya kwanza nilikosea. Kidato cha Pili, wanafunzi 62, vishikwambi 9, vipindi viwili mfululizo vya umeme. Nikawafungulia uigaji wa PhET wa kuunganisha saketi, nikawaambia wajaribu. Ndani ya dakika tano kundi moja liligundua kwamba ukiunganisha waya toka ncha moja ya betri hadi nyingine bila balbu, betri inashika moto kwenye skrini. Dakika sita baadaye makundi yote tisa yalikuwa yanachoma betri. Walifurahi sana. Kuhusu mkondo wa umeme hawakujifunza lolote.

Sasa nafanya hivi. Vishikwambi vinabaki mezani kwangu, vimezimwa. Nachora ubaoni betri moja na balbu mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja, nauliza: ipi itawaka zaidi? Kila mtu anaandika jibu lake kwenye daftari, na sababu. Ni lazima iandikwe, maana jibu la mdomo hukanwa baadaye. Mwaka huu walio wengi waliandika balbu ya kwanza, kwa sababu "inaula umeme kwanza, ya pili inapata makombo". Sababu hiyo ina mantiki kabisa ukiwa umekulia nyumba ya watoto wengi.

Hapo ndipo vishikwambi vinagawiwa, kimoja kwa watu sita au saba. Kila kundi lina mshikaji, msomaji wa vipimo na mwandishi, na kila dakika kumi napiga meza, nafasi zinahama kwa kufuata viti. Bila kupiga meza, mvulana mmoja hushika kishikwambi mwanzo hadi mwisho na wasichana wanakuwa makatibu. Nimeliona mara nyingi, sibahatishi tena.

Wanaanza na balbu moja. Betri ya 9V, balbu ya omu 10, ammita (kipimo cha mkondo wa umeme) inasoma ampea 0.90 (0.90A). Wanaongeza ya pili kwenye waya uleule. Ammita inashuka hadi 0.45A. Wanaihamishia katikati ya balbu: 0.45A. Wanaipeleka baada ya balbu ya pili: 0.45A ileile. Balbu zote mbili zimefifia sawasawa.

Kundi la dirishani lilikataa. "Mwalimu, programu imedanganya." Nilifurahi kuliko wangekubali, kwa sababu wana haki: skrini inaonyesha chochote ilichoambiwa kuonyesha. Ndiyo maana droo yangu ina betri za tochi, vipande vya waya na balbu mbili za aina moja. Wakaunganisha wenyewe, mmoja akifunika kwa viganja ili mwanga uonekane. Zimefifia, zote, sawasawa. Aliyesema programu imedanganya akarudi kwenye daftari lake, akakata jibu la kwanza kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, akaandika jipya chini yake. Nawafundisha wakate hivyo.

Nusu ya pili ni balbu zilizowekwa sambamba: kila moja inapata 0.90A yake, na betri inatoa 1.80A. Hapo nauliza kuhusu nyumbani: kwa nini taa ya sebuleni haififishi mwanga wa taa ya chumbani? Mabishano ni ya Kiswahili, tena ya sauti ya juu. Hitimisho wanaliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kiingereza. Sioni sababu ya kuwazuia wasifikiri kwa lugha wanayoifikiria.

Mambo madogo yaliyotugharimu. Video tisa zikipiga sauti kwa pamoja darasani ni soko la Jumamosi, kwa hiyo video ni za spika moja ya mwalimu, na vishikwambi ni vya uigaji na mazoezi tu. Video ya dakika kumi isimamishwe angalau mara mbili kwa swali. Na andalio la somo liwe na mpango wa akiba wa chaki, ulioandikwa, kwa ajili ya siku vifaa vitakapogoma.

Kwenye upimaji uwe mkweli na hesabu. Kolibri ina majaribio mafupi, na ripoti yake inakuonyesha swali gani limeangusha wengi, kitu kizuri sana. Lakini vifaa 9 haviwezi kupima watu 62 kwa wakati mmoja. Sisi ripoti hizo tunazitumia kwenye saa ya kujisomea baada ya masomo, ambapo wanafunzi huingia kwa zamu. Darasani jaribio bado ni la karatasi.

Hatua ya 8: Zamu, daftari na uhamisho

Semina ya siku nzima kwa walimu haikutusaidia. Kilichosaidia ni mwalimu kuja kukaa nyuma ya darasa la mwenzake kipindi kimoja, kisha kujaribu chake wiki hiyohiyo. Anza na walimu watatu wanaotaka. Wasiotaka waache, watakuja wenyewe wanafunzi wakianza kuwauliza.

Seva izimwe kwa kufuata utaratibu wake, isichomolewe. Kila mwisho wa mwezi nakili folda ya Kolibri kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae jengo lingine. Vishikwambi vina namba, na vinatoka na kurudi kwa saini ya kiranja na ya mwalimu wa zamu.

Kisha kuna jambo linaloua miradi hii kuliko vumbi na panya: uhamisho. Aliyeianzisha ndiye mwenye nywila, anapata barua ya kuhama, na baada ya miezi mitatu kabati la chuma linahifadhi chaki. Kwa hiyo wasimamizi wawe wawili tangu siku ya kwanza, mmoja asiwe wa sayansi. Nywila zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mkuu wa shule. Na ndani ya kabati liwepo daftari la kawaida la kurasa mia, ukurasa wa kwanza ukiwa na namna ya kuwasha na kuzima, kurasa zilizobaki zikiwa na tarehe, tatizo, na lililofanyika.

Nilikuwa na likizo ya wiki tatu. Niliporudi nilienda moja kwa moja kwenye kabati. Mwandiko niliokuta haukuwa wangu, ulikuwa wa mwalimu wa Historia: "Jumanne. Wi-Fi imegoma Form 3B. Nimechomoa ruta, nimehesabu hadi 30, nimechomeka. Imekubali. Ekstensheni inapata moto, tununue nyingine."